Mkono Uliozoea Debe

Nililelewa na shangazi, na shangazi alikuwa mama dagaa pale Mwaloni, Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Kazi yangu, hata kabla sijaanza shule, ilikuwa kushika debe. Mitumbwi ikitoka visiwani na dagaa wakavu, shangazi alinunua kwa debe. Wanunuzi wa Kahama na Tabora wakija na magari yao, aliuza kwa debe. Debe lilikuwa hilohilo moja, lenye kovu la kutu ubavuni. Kilichobadilika ni mkono. Tukinunua, nililitikisa, nikalipiga goti mara mbili tatu, dagaa wakashuka, shangazi akaongeza wengine mpaka mwenye mtumbwi akapiga kelele. Tukiuza, nilikatazwa hata kuliegemea. Shangazi alimimina taratibu kama anayemwogesha mtoto mchanga, dagaa wakalala ovyo wakiwa wamepishana, na debe likajaa upesi.

Nilidhani ule ni ujanja wa soko tu. Sikujua kwamba kuna siku ungenitia aibu mbele ya watu waliovaa makoti meupe.

Miaka mingi baadaye niliajiriwa kwenye kiwanda cha dawa hapahapa Mwanza, chumba cha kujazia kapsuli. Jina la kiwanda naliacha. Nilianza kama msaidizi wa kufuta vumbi na kubeba mapipa, nikapanda mpaka kuendesha mashine. Tulikuwa tunajaza amoksilini, na wenye kujua wanajua kwamba dawa za jamii ya penisilini hazichangii jengo na dawa nyingine. Zina jengo lao, hewa yao na nguo zao, kwa sababu vumbi kidogo tu likiingia kwenye dawa nyingine linaweza kumdhuru mtu ambaye mwili wake haupatani na penisilini. Kwa hiyo tulikuwa watu wachache tuliojifungia peke yetu, tukipumua kupitia barakoa, tukisikilizana kwa ishara.

Kapsuli yenyewe ni vitu viwili, mwili na kofia, vyote vya jelatini. Mashine yetu haikuwa ya kisasa sana. Ilikuwa na pete kubwa yenye matundu. Kapsuli tupu zinajipanga matunduni, upepo unavuta miili chini na kuiacha kofia juu, kisha pete yenye miili inazunguka chini ya hopa iliyojaa unga. Ndani ya hopa kuna parafujo nene inayosukuma unga kwenda chini, kwenye vinywa vya miili ile. Pete ikienda polepole, miili inakaa muda mrefu chini ya parafujo na kushiba zaidi. Ikienda mbio, inaondoka na njaa. Baada ya hapo kofia zinarudishwa, kapsuli zinabanwa na kufungwa, zinadondokea kwenye ndoo.

Umeona mizani hapo? Haipo. Mashine haijui uzito. Inachojua ni nafasi, yaani kijitundu cha jelatini kijae. Boksi la dawa linamwambia mgonjwa miligramu 250, daktari anaandika miligramu, lakini pale inapojazwa hakuna kitu kinachohesabu miligramu. Ni debe la shangazi, dogo tu na lenye rangi mbili.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Amoksilini inayofika kiwandani ni ile iliyoshikana na maji ndani ya chembe zake, trihaidreti, kwa hiyo ili upate miligramu 250 za amoksilini yenyewe unahitaji miligramu 287 za unga huo. Ongeza miligramu 13 za vilainishi, jumla 300. Kapsuli zina namba, na namba ikiwa kubwa kapsuli inakuwa ndogo: namba 0 inachukua kama mililita 0.68, namba 1 mililita 0.50, namba 2 mililita 0.37. Sisi tulitumia namba 1. Miligramu 300 ndani ya nusu mililita maana yake kila mililita ya unga ibebe gramu 0.60. Hiyo ndiyo densiti ambayo mashine ilitakiwa kuifikia kwa kumimina na kushindilia kidogo. Hesabu ya darasa la sita. Kwa mwaka mzima niliiendesha mashine ile bila kuifanya hata mara moja, kwa sababu kila siku mambo yalienda.

Mpaka usiku wa mvua za vuli, mapipa mapya yalipofunguliwa.

Utaratibu ulikuwa kuchukua kapsuli 20 kila robo saa na kuzipima. Kapsuli tupu ya namba 1 ina uzito wa takriban miligramu 76, kwa hiyo nilitafuta wastani wa 376. Kipimo cha kwanza kikaja 372. Sawa. Kilichofuata 366. Kisha 361. Nilipoona 352 nikafanya kile ambacho kila mwendeshaji niliyemjua angefanya. Nilipunguza mwendo wa pete. Wastani ukapanda, 370, nikajisifu moyoni, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi, dada wa maabara aliyekuwa zamu aliniuliza kama nimezipima moja moja. Sikuwa nimefanya hivyo, nilikuwa nimeziweka zote 20 kwenye mizani kwa pamoja na kugawanya. Tukazipima moja moja. Moja ilikuwa na 391. Nyingine 345. Nyingine 340. Nyingine 338. Wastani wao ulikuwa mzuri kabisa, kama familia inayopiga picha ya pamoja huku ndugu hawasemezani. Kanuni inayotumika kwa kapsuli zenye miligramu 300 au zaidi, nasi tuliifuata kwa kuwa lengo letu lilikuwa 300, ni kwamba kati ya 20, zisizidi mbili zinazotoka nje ya asilimia 7.5 ya wastani wa kilichomo, na isiwepo hata moja inayotoka mara mbili ya hapo. Zangu zilizopungukiwa zilikuwa tatu.

Hebu mwangalie mgonjwa mwenye kapsuli ile ya 338. Ukitoa ganda, unabaki na 262. Ndani ya hiyo kuna kama miligramu 218 za amoksilini badala ya 250. Anakunywa kutwa mara tatu, anaamini boksi.

Bado sikusimamisha. Hapa ndipo ninapojilaumu mpaka leo. Nilipunguza mwendo tena, nikaongeza kushindilia, na kapsuli zikaanza kutoka zikiwa na unga umejaa mpaka juu ya kinywa. Kofia zikakataa kukaa. Nyingine zilipondeka kidogo kichwani kama kopo lililokanyagwa. Vumbi likatanda chumba kizima. Kufikia alfajiri nilikuwa na kapsuli kama 30,000 kwenye ndoo, na hakuna hata ndoo moja niliyoweza kuisemea.

Saa kumi na mbili asubuhi aliingia mzee wa mashine. Mtu wa Ukerewe, mpole, anayetembea kama hana haraka na ulimwengu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaangalia ndoo. Nilitegemea achukue spana. Hakuchukua.

"Binti, huu unga umeupima?"

"Maabara waliupitisha, mzee. Cheti kipo."

Akataka kukiona cheti cha uchambuzi cha yule aliyetuuzia. Kilikuwa kizuri. Kiwango cha dawa kipo ndani ya mipaka. Maji yako kati ya asilimia 11.5 na 14.5 inavyotakiwa. Uchafu haupo. Maabara yetu nayo ilikuwa imerudia vipimo vyote na kupata majibu yaleyale.

"Unga ni halali," akasema. "Lakini hakuna aliyeuliza unakaa nafasi gani."

Ikabidi niyatafakari maneno hayo. Vitabu vya viwango vya dawa vinakuambia amoksilini iweje kikemia. Chembe zake ziwe nene au laini, zikae kwa kubanana au kwa kuachana, hilo wamemwachia mwenye kiwanda akubaliane na muuzaji wake. Kuna amoksilini ya unga mwepesi, na kuna ile iliyoshindiliwa kuwa chembechembe nzito zaidi. Kikemia ni dawa moja, vipimo vyote vinafanana. Ndani ya hopa ni watu wawili tofauti. Anayepika ugali anaelewa: kikombe cha dona na kikombe cha udaga wa muhogo vyote ni kikombe cha unga, lakini jaribu kuvibadilisha bila kubadilisha mkono uone sufuria itakavyokushangaza.

Basi tukaenda maabara. Mzee alitaka tupime sampuli ya mapipa ya zamani, iliyokuwa imehifadhiwa, kisha sampuli ya mapipa mapya. Akanipa mimi nifanye, nadhani kwa makusudi.

Kazi yenyewe ukiitazama ni ya mtoto. Unachekecha unga kwenye chekeche ya matundu ya milimita 1 ili mabonge yavunjike. Unapima gramu 100. Unamimina kwenye silinda ya kioo ya mililita 250, iliyo kavu, bila kushindilia. Unasawazisha uso wa unga kwa uangalifu. Unasoma. Gramu 100 gawanya kwa mililita ulizosoma, hiyo ndiyo densiti ya kumimina. Baadaye unaigongesha silinda ili unga ushuke, unasoma tena, unapata densiti ya kugonga.

Nikamimina sampuli ya zamani. Nikasoma mililita 185. Nikaandika 0.54.

Dada wa maabara akakunja uso. Kwenye daftari lake, unga uleule, yeye mwenyewe alikuwa ameandika mililita 200, yaani 0.50. Nikarudia. Safari hii 187. Nikaanza kumshuku yeye kimoyomoyo.

"Rudia tena," mzee akasema, "lakini polepole, nikuangalie."

Nikamimina. Unga ulikaa na kilima upande mmoja, nikaishika silinda kwa mkono wa kushoto, na kwa kiganja cha kulia nikaipiga ubavuni, pa, pa, uso ukawa sawa. Sikujiona nikifanya hivyo. Mkono ulijifanyia wenyewe.

"Nani kakufundisha kupiga?"

Nikamweleza habari za shangazi na debe la Mwaloni. Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Hapa hatununui wala hatuuzi. Mkono usiwe na upande."

Ilinichukua wiki kadhaa kuufundisha mkono ule. Unasawazisha kwa kijiti chembamba juu juu, bila kubonyeza. Unamimina kwa mwinamo uleule, kwa kasi ileile. Ukimimina kutoka juu sana, unga unaanguka kwa nguvu na kujishindilia wenyewe. Humimini kisha ukaitikia simu na kurudi kusoma baada ya dakika kumi, maana unga nao unapumua, hewa inatoka, unashuka. Huiweki silinda juu ya meza inayotetemeka. Meza yetu ya maabara ilikuwa imegusana na ukuta ambao upande wa pili kulikuwa na jenereta, na siku umeme ukikatika densiti zetu zote zilipanda kidogo. Miezi mitatu tulikuwa tunaitafuta sababu kwenye unga. Tulipoisogeza meza sentimita kadhaa tu, mambo yakatulia.

Uzito wa molekuli, rangi, hivyo ni vitu vya unga wenyewe. Densiti si ya unga peke yake. Ni ya unga pamoja na yale uliyoufanyia. Ndiyo maana namba isiyo na maelezo ya ilivyopatikana siiamini hata iwe na desimali nne, na nikiiona kwenye karatasi ya muuzaji namuuliza kwanza: ni ya kumimina au ya kugonga, na mligonga mara ngapi?

Maana kugonga nako kuna sheria zake. Kuna mashine ndogo inayoinua silinda na kuiachia. Mtindo mmoja unaiangusha kutoka milimita 14 mara 300 kwa dakika, mwingine milimita 3 mara 250. Unasoma baada ya kugonga mara 10, mara 500, mara 1,250. Kama kati ya 500 na 1,250 unga haukushuka zaidi ya mililita 2, umetulia, unaandika. Kama umeshuka zaidi, unaendelea. Asubuhi ile, kwa bahati ya Mwanza, umeme ulikuwa umekwenda na jenereta ilipewa jengo la uzalishaji tu. Tukagonga kwa mkono, juu ya kitambaa kilichokunjwa, mimi na dada wa maabara kwa kupokezana, mzee akihesabu kwa sauti. Tulipofika mia tatu na kitu yeye mwenyewe alipotea hesabu. Nilipata 163, dada akapata 157 kwa unga uleule. Umeme uliporudi mchana mashine ikatupa 160. Siwashauri kugonga kwa mkono, isipokuwa kama mnataka kujua ni nani kati yenu ana hasira.

Haya ndiyo majibu ya siku ile. Unga wa zamani: kumimina mililita 200, kugonga 160. Yaani 0.50 na 0.625. Lengo letu la 0.60 liko katikati, karibu na kugonga, na parafujo ilikuwa inalifikia bila taabu. Unga mpya: kumimina mililita 238, kugonga 172. Yaani 0.42 na 0.58.

Angalia hapo. Hata ukigongwa mara 1,250, unga mpya haufiki 0.60. Nusu mililita ya kapsuli mara 0.58 ni miligramu 290. Nilikuwa nimekesha nikijaribu kuingiza miligramu 300 mahali ambapo, hata ukiutikisa kama dagaa wa mwenye mtumbwi, zinaingia 290, na zaidi ya hapo ni kwa kuubana kwa nguvu tu. Hakuna spana ambayo ingenisaidia.

Na kuna jambo la pili ambalo pengo la namba hizo mbili linasema. Ukichukua densiti ya kugonga, ukatoa ya kumimina, ukagawanya kwa ile ya kugonga, unapata asilimia inayoitwa kwa jina la Carr, aliyeieleza mwaka 1965. Unga wa zamani ulikuwa na 20, mwisho wa kundi linaloitwa la wastani. Mpya ulikaribia 28, na kuanzia 26 mpaka 31 wanasema mtiririko wake ni mbaya. Unga wenye pengo kubwa ni unga unaosita. Unajenga daraja ndani ya hopa, unakaa, kisha unaporomoka ghafla. Ndiyo maana kapsuli moja ilitoka na 391 na jirani yake 338. Wastani ulishuka kwa sababu ya densiti, na ule mtawanyiko ulitokana na kusita huko. Mimi niliutibu wastani kwa kuongeza muda, nikauongezea mtawanyiko nafasi ya kujionyesha.

Mapipa yalibandikwa lebo ya njano yakawekwa kando. Kulikuwa na mtu ofisini aliyependekeza tuhamie kapsuli namba 0, nafasi ni kubwa, tatizo limeisha. Lakini dawa iliyosajiliwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba imesajiliwa na kapsuli yake. Hubadilishi ganda kama unavyobadilisha shati. Mwishowe muuzaji aliombwa alete aina iliyoshindiliwa, na mkataba ukaongezwa mstari mmoja wa densiti, wa chini na wa juu. Mstari mmoja! Kapsuli 30,000 ziliteketezwa kwa utaratibu wake na mimi nikapewa onyo la maandishi. Nusu ya onyo lile nilistahili, kwa sababu niligeuza kitufe badala ya kusimamisha mashine. Ile nusu nyingine ilikuwa ya watu walionunua unga wa bei nafuu bila kuuliza, na wao hawakuandikiwa chochote.

Baada ya hapo niliomba kuhamia upande wa vipimo, nikakubaliwa, na mashine nikaanza kuitazama kwa jicho lingine. Kwa mfano hopa. Tulikuwa tunaijaza mpaka juu, tunaiacha iishe karibu yote, tunajaza tena, kwa sababu kila kujaza ni kazi na vumbi. Ukichora uzito wa kapsuli kwenye karatasi unapata milima na mabonde. Hopa ikijaa, unga wa juu unaulalia wa chini, wa chini unabanana, kapsuli zinakuwa nzito. Hopa ikipungua, mzigo unaondoka, kapsuli zinakuwa nyepesi. Siyo ugonjwa wa mashine wala wa unga. Tukaweka alama mbili za rangi ndani ya hopa: usishuke hapa, usipande hapa. Wasaidizi walininunia kwa sababu sasa walijaza kidogokidogo, mara nyingi. Milima ikawa vichuguu.

Au Jumatatu. Unga uliochanganywa Ijumaa na kukaa kwenye pipa mpaka Jumatatu umeshuka, hasa pipa likiwa limesukumwa kwa kitoroli kwenye sakafu yenye mabaka. Kapsuli za kwanza za Jumatatu zilikuwa nzito kila wiki na kila wiki mtu aligeuza kitufe, kisha saa nne akakigeuza kurudi. Dawa yake ni kuupindua tena unga kwenye kichanganyio kwa muda mfupi kabla ya kuanza. Nasema muda mfupi kwa sababu upo mtego mwingine: magnesiamu stearati. Ni kilainishi, kinawekwa mwisho na kidogo sana. Ukichanganya mno, kinajipaka kila chembe kama mafuta ya mgando, chembe zinateleza na kubanana vizuri, densiti inapanda, uzito unanyooka, wote mnafurahi. Kisha kapsuli inafika tumboni kwa mgonjwa na maji yanashindwa kuulowesha unga. Densiti nzuri imekudanganya. Kwa hiyo sikuwahi kuiacha namba ile ikae peke yake bila kipimo cha kuyeyuka pembeni yake.

Hewa ya ziwa nayo ina sehemu yake. Jelatini inataka maji kati ya asilimia 13 na 16. Ikikauka zaidi inavunjika kama kaukau, ikilowa inalegea na kunata. Asubuhi ya mvua, dirisha likisahaulika wazi, unaisikia kwenye mlio wa mashine kabla hujaiona kwenye mizani.

Siku hizi sipo tena kiwandani. Mwaka huu kikundi cha kina mama cha ng'ambo, upande wa Sengerema, waliniita wakitaka kuanza kujaza unga wa mlonge kwenye kapsuli kwa ubao wa mkono, ule wenye matundu 100. Nilivuka kwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 kwa dakika chache. Zamani pale ungemaliza muhogo wote wa kuchoma ukiwa kwenye foleni ya kivuko.

Walikuwa wameshanunua kapsuli namba 0, na walikuwa wameshachagua maneno ya lebo: miligramu 400. Kwa nini 400? Kwa sababu chupa waliyoiona Mwanza mjini iliandikwa hivyo. Nikawaomba unga wao na mizani ya jikoni; silinda, na mizani ndogo ya kupimia kapsuli moja moja, nilikuja navyo. Unga wa majani ni mwepesi, kwa hiyo nilitumia gramu 50. Kumimina, mililita 140. Nikagonga, ukatulia kwenye 100. Densiti 0.36 na 0.50. Kwenye kapsuli ya mililita 0.68, ukimimina tu zinaingia kama 240, ukigonga mpaka utulie 340.

"Mia nne haiingii," nikawaambia.

Kimya. Kisha mama mmoja kijana, mwenye hesabu zake kichwani, akasema, "Basi tuandike tu mia nne. Nani atafungua apime?"

Aliyejibu si mimi. Kulikuwa na bibi amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, anachambua majani, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema zaidi ya salamu. Alikuwa ameuza mpunga maisha yake yote. Alisema walanguzi walikuwa wanakuja na magunia yao, wanayashonea kilemba juu, lumbesa, wanabeba gunia na nusu kwa bei ya gunia. Serikali ikaja na wakala wake wa vipimo ikasema gunia lisizidi kilo 100. "Sasa na sisi tunataka lumbesa," akasema, "ila ya kwetu imeota kwa ndani. Gunia la nje kubwa, ndani shimo."

Walicheka, yule mama kijana naye akacheka, ingawa kidogo. Tukakaa na kalamu. Miligramu 300 kwa kapsuli inataka 0.44, iko katikati ya kumimina na kugonga, ubao wa mkono unaiweza ukishindilia mara moja kwa ile sahani ya vijiti na kujazia tena. Tulijaribu mbao tatu. Ya kwanza ilitoa wastani wa 281 kwa sababu aliyesambaza unga alianzia kona moja na kuchoka alipofika nyingine. Ya tatu ikatoa 298, na kapsuli 20 tulizopima moja moja hazikuachana sana. Lebo ikaandikwa 300. Habari za usajili nikawaambia ni safari nyingine, waandae viatu.

Kabla sijaondoka walitaka kupima wenyewe bila mimi kugusa. Mama kijana alimimina. Unga ukakaa na kilima upande mmoja. Akaishika silinda, akainua kiganja cha kulia, na bibi kutoka mlangoni akamwambia: "Wee! Unanunua au unauza?"